Jinsi ya Kufuatilia Ahadi Moja ya Mungu katika Agano la Kale

Ukitaka kuuona uaminifu wa Mungu katika Agano la Kale, usianze kwa kukusanya aya zote zenye neno "ahadi". Chagua ahadi moja na uifuate tangu ilipotamkwa hadi ilipotimia. Ahadi ya nchi ya Kanaani aliyopewa Ibrahimu, ambaye mwanzoni aliitwa Abramu, inafaa sana kwa kazi hii, na vifaa vyake ni Biblia na daftari tu.

Nakili kwanza maneno yenyewe, ukiandika ni nani aliyeahidiwa. Katika Mwanzo 12:7 watakaopewa nchi ni uzao wa Abramu, naye wakati huo hana mtoto hata mmoja. Tena Mwanzo 15:13 inasema wazi kwamba uzao huo utateswa ugenini miaka 400, kwa hiyo kungoja kulikuwa sehemu ya ahadi tangu mwanzo.

Andika pia umri kila unapotajwa. Abramu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa babaye akiwa na miaka 100. Aya ya mwisho ya sura ya 16 inampa Abramu miaka 86, na ya kwanza ya sura ya 17 inampa miaka 99. Jicho la msomaji huliruka pengo hilo kwa nukta moja, ilhali yeye na mkewe waliishi ndani yake miaka 13.

Sura ya 15 isome polepole kuliko nyingine zote. Abramu anauliza atajuaje kwamba atairithi nchi, naye anaagizwa kuleta wanyama, anawapasua na kuvipanga vipande vyao vikielekeana. Yeremia 34:18 inaonyesha maana ya desturi hiyo: waliofanya agano walipita kati ya vipande, na aliyelivunja alistahili kufanywa kama ndama aliyepasuliwa. Lakini hapa Abramu ameshikwa na usingizi mzito, na kinachopita ni tanuru ya moshi na mwenge unaowaka, ishara za Mungu mwenyewe. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine panapoonyesha wazi hivi kwamba Mungu amejifunga mwenyewe.

Ukifika Kutoka 2:24, ambapo Mungu anakumbuka agano lake, wekea alama kitenzi "akakumbuka". Hakimaanishi kwamba Mungu alikuwa amesahau, kwani kinachofuata mara moja ni kuitwa kwa Musa.

Kisha fuata mifupa ya Yusufu, kitukuu cha Ibrahimu aliyefia Misri, ambayo wasomaji wengi huipita bila kuitazama. Katika Mwanzo 50:25 anawaapisha ndugu zake kwamba wataipandisha kutoka Misri. Katika Kutoka 13:19 Musa anaichukua. Na katika Yoshua 24:32 inazikwa Shekemu, katika kiwanja alichokinunua Yakobo.

Usifiche yasiyolingana. Yoshua 21:45 inasema kwamba hakuna neno jema la BWANA lililokosa kutimia, ilhali Yoshua 13:1 inakiri kwamba nchi nyingi ilikuwa bado kumilikiwa. Ziandike zote mbili. Ukimaliza, fanya vivyo hivyo na ahadi aliyopewa mfalme Daudi, kwamba kiti chake cha enzi kitadumu milele, kwa kusoma Zaburi 89, ambayo huusifu uaminifu wa Mungu kwa aya nyingi, kisha kuanzia aya ya 38 inamlalamikia kwamba amemtupa masihi wake, yaani mfalme aliyemtia mafuta. Katika aya ya 49 mzaburi anauliza ziko wapi fadhili za kwanza alizomwapia Daudi. Liandike swali hilo katika ukurasa uleule ulioandika ahadi.