Jinsi ya kuandika majina ya vijito na miamba ya Lamu, yale yasiyo kwa ramani

Mkanda, Takwa, Ras Kitau, hayo yako kwa ramani tayari hayana shida. Naongelea yale madogo madogo, kijito cha kuingilia mikokoni, mwamba unaotoka maji yakipwa tu, kisima cha zamani, kilima cha mtanga huko nyuma ya Shela. Hayo wanayajua wanaofanya kazi hapo na wazee wetu ndo hao wanatangulia mmoja mmoja, kwa hivo anza na ulie nae karibu.

Uliza wavuvi, manahodha na wakata boriti, alafu usiwaache kina mama wa Kipungani wanaokata miyaa ya mikeka, maanake njia za nchi kavu na visima mara nyingi wao ndo wanavijua zaidi. Barazani utapata majina mengi kwa mpigo lakini usiridhike hapo, omba mtu akupeleke. Siku nzuri ni za bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu, maji yanapwa sana na miamba inajionyesha yote, mzee ananyoosha kidole tu, ile pale, na ile yaitwa hivi. Kusi likikaza usimsumbue mtu na safari ya nje.

Daftari ligawe safu. Huko Uskoti wapima ramani wa serikali karne ya 19 walikuwa na vitabu vya majina, kila jina na namna zote linavyoandikwa, nani kathibitisha, liko wapi na ni kitu gani. Mpangilio mzuri sana ule, uige. Ila wengi wao hawakujua Kigaeli cha wenyeji, ndo maana majina mengine ya vilima na vijito yaliandikwa kwa sikio la Kiingereza yakaharibika. Na sisi tunaweza kufanya yaleyale na Kiswahili cha shule! Mzee wa Kizingitini akitamka kwa Kitikuu, lahaja ya Wabajuni, andika kama alivotamka, mtanga usiugeuze mchanga, na mtu wa Amu, yaani Lamu mjini, akilitaja tofauti weka yote mawili na uandike la nani ni lipi. Mrekodi kwa simu pia akikubali, mwambie alirudie jina mara tatu pole pole, upepo wa baharini unakula sauti kwa hivo kinga maiki na mkono.

GPS ya simu inashika hata bila bando, chukua pointi ukiwa palepale. Na andika alama za mvuvi mwenyewe, kama ni mnara wa msikiti fulani ukikaa sawa na mti fulani, hiyo nayo ni elimu.

Kabla hujaweka kitu mtandaoni rudi kwa alokwambia. Mambo ya ardhi Lamu yana machungu, mtu akiona unaandika andika shambani kwake ana haki ya kuuliza, mweleze wazi ni ya nini. Na akisema pale ndo anapovulia chewa, jina liandike lakini pointi ibaki kwenye daftari lako.