Jinsi ya kujiandaa kwa Nordschleife kwa kutumia simuleta, na mambo ya kujifunzia ndani ya gari halisi

Anayetamani kuendesha gari kwenye Nordschleife, ile saketi ya Nürburgring nchini Ujerumani yenye urefu wa kilomita 20.832 na kona zaidi ya 70, anaweza kuijua njia yenyewe vizuri kabla hajasafiri. Mwaka 2015 iRacing na Assetto Corsa, ambazo ni simuleta, yaani programu za kompyuta zinazoiga uendeshaji wa gari, zilitoa saketi hiyo ikiwa imepimwa kwa leza, hivyo miinuko, mabonde na mikunjo inayoonekana kwenye skrini inalingana kwa karibu sana na lami halisi. Kazi ya mwanafunzi ni kutambua yapi macho yake yanaweza kuyapata nyumbani, na yapi yanausubiri mwili.

Anza kwa kurekebisha upeo wa kuona. Mipangilio ya awali mara nyingi huwa na pembe pana mno, ambayo humwonyesha dereva barabara nyingi lakini huzifanya kona zionekane ziko mbali kuliko zilivyo. Ikiwa skrini yako ina upana wa sentimita 60, nawe unakaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini hiyo, pembe sahihi kwa upana ni takriban nyuzi 53. Utahisi kwamba umebanwa, lakini ni kwa njia hiyo tu umbali wa kuanza kufunga breki utakuwa na maana utakapofika kwenye saketi.

Fedha ikiwa ni kidogo, naona ni heri uitumie kwenye pedali ya breki kuliko kwenye usukani wa bei kubwa. Tafuta pedali inayopima nguvu ya mguu badala ya ile inayopima umbali pedali inaoshuka, kwa sababu katika gari halisi mguu hukumbuka uzito wa kukanyaga, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayohama kutoka nyumbani hadi barabarani kwa urahisi kuliko zote.

Chagua gari linalokaribiana na lile utakalokodi, na wala si gari la mashindano lenye matairi laini. Aliyezoea barabara za Kenya, Uganda au Tanzania achague lenye usukani upande wa kushoto, kisha ajizoeze kubadilisha gia kwa mkono wa kulia na kukadiria upana wa gari kutoka upande asiouzoea. Gawanya saketi katika vipande, ukirudia kila kipande mpaka uweze kuitaja kona inayofuata kabla hujaiona. Tumia muda mwingi zaidi kwenye kona za Adenauer Forst, kwa sababu unafika hapo baada ya mteremko wa kasi wa Fuchsröhre, na wageni wengi hushtukia kona ya kushoto na ya kulia zimekwisha kuwafikia. Usishughulike na saa katika hatua hii.

Sasa tuje kwenye mwili. Chini ya mteremko wa Fuchsröhre gari hugandamizwa ardhini na dereva huhisi uzito wake ukiongezeka kitini. Juu ya kilima cha Flugplatz gari huwa jepesi na matairi hupoteza sehemu ya mshiko wake. Simuleta ya nyumbani huonyesha yote hayo kwa picha na kwa mtikisiko wa usukani, ilhali katika gari halisi habari ya kwanza kwamba tairi za nyuma zinaanza kuteleza hufika kiunoni. Aliyejifunza kwenye skrini pekee huisubiri habari hiyo mikononi, na kwa sababu hiyo huchelewa kurekebisha. Kabla ya kwenda Nordschleife, chukua mafunzo ya kudhibiti gari kwenye uwanja wenye maji, ukiwa na mkufunzi pembeni.

Jann Mardenborough, aliyeshinda mwaka 2011 GT Academy, mpango wa kuwageuza wachezaji wa mchezo wa video wa Gran Turismo kuwa madereva wa mashindano, na kupanda jukwaa la washindi katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2013, ni ushahidi kwamba mchezaji wa simuleta anaweza kuwa dereva kamili. Lakini washindi wa mpango ule walipewa mafunzo mazito ndani ya magari halisi kabla ya kuingizwa mashindanoni. Naye pia, mwaka 2015, gari lake liliinuliwa na upepo pale pale Flugplatz na kuruka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki. Kilima hicho hakistahili kuzoelewa.

Jambo jingine ni joto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hufyonza unyevu wa hewa, na yakishachakaa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali huzama na gari halisimami. Yabadilishe kabla ya siku yenyewe, na upime upepo wa matairi yakiwa yamepata moto, kwa kuwa huongezeka sana.

Siku za wazi kwa umma, zinazoitwa Touristenfahrten, hufuata sheria za barabarani za Ujerumani: kaa kulia, pita kushoto tu, na usipime muda. Utakutana na pikipiki, magari ya kasi na familia zinazotembea polepole, hivyo vioo vya pembeni vinahitaji uangalifu ambao mazoezi ya peke yako nyumbani hayakukudai. Soma pia mkataba wa bima na wa kukodi gari neno kwa neno, kwani ukigonga kingo za chuma, gharama ya kuzitengeneza ni yako.

Mzunguko wa kwanza uendeshe taratibu, ukilinganisha kila kona na ile uliyoijua, na ukumbuke kwamba upande mmoja wa saketi unaweza kuwa mkavu huku mwingine ukinyeshewa. Baada ya kila mzunguko wa kasi, endesha polepole ili breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono. Liache gari katika gia.