Kabla muhula haujaanza, shika lenzi mkononi

Wewe unayerudi chuoni kusoma jiolojia, usingoje mhadhara wa kwanza. Tafuta lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 na ujifunze kuitumia sasa. Wengi huishikilia mbali, juu ya jiwe, kisha wanalalamika hawaoni kitu. Ilete karibu kabisa na jicho, halafu sogeza jiwe taratibu kuelekea kwenye lenzi mpaka chembe zionekane wazi. Simama juani, jiwe lisiwe kwenye kivuli chako.

Kama uko Nakuru, panda Menengai Jumamosi moja. Mwamba wa pale, uitwao trakiti, ulitoka volkenoni ukapoa haraka, kwa hiyo chembe zake nyingi ni ndogo mno kuonekana kwa jicho tupu. Ukiwa Kisumu, chukua matatu ya Bondo ushuke Kit Mikayi, kwenye mawe makubwa yaliyopandana. Ile ni graniti, mwamba uliopoa polepole chini ya ardhi, na fuwele za madini ya kwatsi na feldispa unaziona waziwazi. Nyundo iache nyumbani, tafadhali. Kit Mikayi ni mahali patakatifu kwa watu wa Seme. Kutazama kunatosha.

Andika papo hapo, kwa penseli. Mvua ya alasiri ya huku ikilowesha daftari, wino wa kalamu nyingi hutawanyika, lakini penseli hubaki. Andika rangi, ukubwa wa chembe, mahali na tarehe. Jina la mwamba liweke mwisho, baada ya kutazama.