Kuchagua GPS ya mkononi ya kuingia nayo msituni: somo, kisha maswali ya wanachama

Maelezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mahitaji ya anayepanda Aberdare kwa miguu hayatofautiani sana na yao: unaacha njia, unakaa siku kadhaa mahali simu haishiki mtandao, na lazima urudi ulikotoka. Tofauti iko kwenye ramani, datamu (yaani msingi wa vipimo ambao ramani imechorwa juu yake) na ikweta, na hapo ndipo watu wa Nairobi hupotea wakiwa na kifaa kizuri mkononi.

1. Uliza kwanza kama unakihitaji

Kwa Ngong, Longonot au Kilimambogo, simu yenye ramani iliyopakuliwa inatosha. Njia inaonekana na jioni uko nyumbani. Kifaa kamili kinaanza kuwa na maana ukienda Aberdare juu ya ukanda wa mianzi, ambako ukungu hushuka ghafla, au Mlima Kenya nje ya njia zilizozoeleka za Sirimon, Naro Moru na Chogoria.

2. Betri kabla ya kitu kingine chochote

Kuna vifaa vya kula mawe mawili ya AA, na vingine vyenye betri ya kuchaji ndani. Kwa namba za mtengenezaji, Garmin eTrex 22x na 32x hudumu saa 25, GPSMAP 65s saa 16, eTrex SE saa 168, na GPSMAP 67, ambayo betri yake ni ya ndani, saa 180. Namba hizo hupimwa katika hali nzuri, taa ya skrini ikiwa haitumiki ovyo. Ondoa theluthi moja.

Mfano: safari ya siku nne, kifaa kikiwaka saa 9 kwa siku, ni saa 36. Kwa 22x, saa 25 ukiondoa theluthi zinabaki kama 17. Unahitaji jozi tatu, na jozi moja ya akiba. Jumla betri nane.

Aina ya betri ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zile za bei ya chini za redio, za zinki na kaboni, achana nazo. Za alkali zinafaa mchana, ila baridi huzidhoofisha: kambi ya Shipton, Mlima Kenya, iko mita 4,200 hivi na usiku hushuka chini ya sifuri. Za kuchaji za NiMH huvumilia baridi kuliko alkali. Za lithiamu zisizochajiwa ndizo bora, kwani hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni nyepesi. Usizichanganye na zile AA mpya za lithiamu zinazochajiwa kwa waya wa USB. Hizo hushikilia volti 1.5 hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo kipimo kitakuonyesha zimejaa, kisha kifaa kizimike ghafla.

Ukibadilisha aina ya betri, badilisha pia kwenye mpangilio wa kifaa. NiMH ina volti 1.2. Kifaa kikidhani ni alkali kitalia kwamba imeisha wakati bado ina chakula cha kutosha.

3. Setilaiti na antena

Wauzaji husifu sana idadi ya mifumo: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China. Kifaa kinahitaji setilaiti nne tu kujua kilipo, na mahali pa wazi hata cha bei nafuu hukuweka ndani ya mita tatu hadi tano. Kwa anayetafuta hema lake, mita tano na mita mbili ni mamoja. Kinachostahili kulipiwa ni kupokea masafa mawili, L1 na L5, na hapo pia ni kwa mtu wa mabonde marefu. Kwenye korongo kama la Hell's Gate mawimbi hugonga ukuta wa mwamba kabla ya kukufikia, na kifaa cha masafa mamoja kinaweza kukuhamishia ng'ambo ya pili.

Usiweke kifaa mfuko wa suruali. Mwili ni maji, na maji hula mawimbi (majani mabichi yaliyonyeshewa nayo vilevile). Kining'inize kwenye mkanda wa begi, begani. Chenye antena inayochomoza juu, kama familia ya GPSMAP, kishike wima. eTrex ilaze uso ukitazama mbingu.

4. Vitufe au skrini ya kugusa

Vitufe. Matone ya mvua huibonyeza skrini ya kugusa, na glavu nene huishinda.

5. Dira na kipimahewa

Hii ndiyo tofauti kuu ya 22x na 32x. 22x haina dira ya ndani, kwa hiyo inajua upande unaoelekea pale tu unapotembea. Ukisimama, mshale hauaminiki. 32x ina dira ya pande tatu na kipimahewa cha mwinuko. Kama utabeba dira ya kawaida ya sindano, na unapaswa kuibeba, 22x inatosha.

Dira ya ndani isawazishwe kila unapobadilisha betri, mbali na gari na mbali na simu.

6. Ramani

Kifaa kilichonunuliwa Marekani huja na ramani ya kina ya huko, na Kenya ni mistari michache. Pakua ramani ya Kenya ya OpenStreetMap, ile ramani huru ya mtandaoni, iliyotayarishwa kwa Garmin. Faili yake kwa kawaida huitwa gmapsupp.img. Chukua kadi ndogo ya kumbukumbu isiyozidi GB 32, iliyofomatiwa kwa FAT32, tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo. Ukiwa na ramani mbili zenye jina hilo moja, badilisha jina la moja kabla hujanakili, la sivyo ya pili itafuta ya kwanza. Kumbuka waya: eTrex 22x na 32x hutumia mini-USB ya zamani, si ule wa simu yako.

Kisha nenda kwenye mpangilio wa njia, chagua mstari wa moja kwa moja, na uzime kile kinachokung'ang'aniza barabarani. Usipofanya hivyo, uko Elephant Hill kule Aberdare unatafuta hema, na kifaa kinakupeleka kwanza hadi barabara ya gari.

7. Datamu

Ramani za karatasi za 1:50,000 za Survey of Kenya, pale Ruaraka, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. Kifaa kikitoka kiwandani hutumia WGS 84. Ukisoma namba kwenye karatasi na kuziingiza bila kubadilisha, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini na kama mita 90 magharibi ya mahali halisi. Kwenye tambarare utacheka. Kwenye ukungu, mita 300 ni bonde jingine kabisa.

Kanuni: ukifanya kazi na karatasi, weka Arc 1960 na gridi ya UTM, ile inayogawa dunia kwa kanda zenye namba na kuhesabu kwa mita badala ya digrii. Ukifanya kazi na namba kutoka simu au kompyuta, weka WGS 84. Unapomtumia mtu namba, taja datamu.

Na mtindo wa kuandika digrii pia. S 00°30.500' si S 00°30'50". La kwanza ni dakika na desimali, la pili ni dakika na sekunde, na kati yake kuna zaidi ya mita 600. Makosa haya hutokea sana namba zikisomwa kwa redio au simu.

8. Jaribu mjini kabla ya mlima

Usipime katikati ya mji, maghorofa yatakudanganya. Nenda Karura, weka alama mahali pa wazi, tembea saa moja chini ya miti, kisha rudi kwa kufuata njia uliyorekodi huku umeficha simu. Ukinunua cha mkono wa pili, fungua nyuma kwanza uone kama vishikio vya betri vina ukijani, kisha kagua mpira wa pembeni na kifuniko cha tundu la waya. Mpira ukishabanduka, ile sifa ya IPX7, yaani kuvumilia maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, usiitegemee.

MASWALI

Wa Rongai: Simu yangu inapokea masafa mawili. Kwa nini nibebe mzigo wa pili?

Jibu: Kwa upokeaji, simu yako huenda ikaishinda eTrex. Inashindwa kwa baridi, kwa mvua na kwa betri. Ukiamua kwenda na simu tu, iweke hali ya ndege, beba pawabenki mfuko wa ndani na nyaya mbili, maana waya mmoja ukikatika huna kitu.

Wa Kikuyu: Mwalimu, nimeletewa kifaa kipya kutoka ng'ambo. Dakika kumi nzima kinatafuta setilaiti. Nimeuziwa kibovu?

Jibu: Bado. Kinajua mbingu ya kule kilikotoka. Ratiba kamili ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kiweke uwanjani, usikisogeze, ukipe dakika 20. Kesho yake kitachukua chini ya dakika moja.

Wa Thika: Karibu na Nanyuki namba ya kaskazini ilikuwa zaidi ya 9,999,000, mara ikawa mia kadhaa. Ni hitilafu?

Jibu: Umevuka ikweta. Kusini yake UTM huhesabu kuanzia mita 10,000,000 ikishuka, kaskazini huanza sifuri. Herufi inayofuata namba ya kanda nayo hugeuka, 37M huwa 37N. Andika herufi kila mara.

Wa Embakasi: Nimepata ya zamani kwa bei ya kutupa. Mahali inaonyesha sawa, ila tarehe iko nyuma karibu miaka 20.

Jibu: GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya. Ilianza upya mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019. Tafuta sasisho la programu ya kifaa hicho. Likikosekana bado kitakuelekeza, ila saa za machweo na tarehe za njia ulizorekodi usiziamini.

Wa Kitengela: Tulilala kambi ya Old Moses, Mlima Kenya. Saa nne usiku kifaa kiliandika mwinuko fulani, saa kumi alfajiri kimepanda mita 18. Hema halikusogea!

Jibu: Kipimahewa husoma mgandamizo wa hewa. Huku kwetu kwenye ikweta mgandamizo huo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: juu saa nne, chini saa kumi, usiku na mchana. Mgandamizo ukishuka, kifaa hudhani umepanda. Kisawazishe asubuhi kwa mwinuko unaoujua wa kambi kabla ya kuondoka.

Wa Lang'ata: Shemeji yangu anafanya kazi na kampuni ya uwindaji Tanzania, ambako unaruhusiwa kwa leseni. Mpangilio huu utamfaa?

Jibu: Datamu ndiyo hiyo hiyo, Arc 1960, kwa ramani za zamani za karatasi. Aangalie kanda ya UTM: mashariki ya longitudo 36 ni 37, magharibi yake, hadi longitudo 30, ni 36. Na akivuka latitudo 8 kwenda kusini, herufi M inakuwa L. Nawe ukienda Cherangani au Mara, uko kanda ya 36, si ya Nairobi.