Somo: Kufunga draya ya nguo na kutoa bomba lake nje

Ndugu mnaohamia nyumba zenu huku Marekani, draya ikiletwa wengi huhangaika na umeme, bomba la hewa likaachwa mwisho. Anzeni na bomba. Draya haikaushi kwa joto peke yake: inavuta hewa, inaipasha moto, inaipitisha kwenye nguo, kisha inaitupa nje ikiwa imebeba maji. Hewa ikikwama, nguo zinazunguka saa mbili na bado mbichi, bili inapanda, na vumbi la nguo linajikusanya karibu na moto. Nyumba huungua hivyo.

Hatua ya 1: Panga njia. Tafuta ukuta wa nje ulio karibu zaidi. Kama kitabu cha mashine hakisemi vinginevyo, kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinaweka kikomo cha futi 35, na kila kona kali ya nyuzi 90 inakula futi 5. Mwenye kona tatu amebakiwa na futi 20 tu. Usiliache bomba limwage hewa darini wala chini ya sakafu. Yale maji yote yataishia kwenye mbao, na ukungu hauchelewi.

Hatua ya 2: Toboa. Hakikisha kwanza hakuna nyaya wala nguzo ya mbao nyuma ya ukuta. Piga tundu dogo la kuongoza kutoka ndani, litokeze nje, ndipo utumie msumeno wa kopo (ule wa kutobolea matundu ya duara) wa inchi 4 na robo. Mdomo wa nje uwe na kifuniko kinachonyanyuka hewa ikitoka na kujifunga ikikata. Usiweke wavu, unanasa vumbi. Kaa angalau futi 3 kutoka dirishani au mlangoni, ziba ukingo kwa silikoni.

Hatua ya 3: Unga bomba. Hapa msibane pesa. Nunua bomba gumu la chuma la inchi 4, laini kwa ndani. Lile la plastiki linalokunjuka kama akodiani ya taarabu liacheni dukani: kila mkunjo ni kiota cha vumbi, na plastiki yenyewe inashika moto. Ncha nyembamba ya kila kipande ielekee upande wa nje, hewa isikutane na ukingo. Maungio yafungwe kwa tepu ya alumini. Ile ya kitambaa hukaushwa na joto ikabanduka. Skrubu zinazochomoza ndani nazo hazifai.

Hatua ya 4: Umeme. Zima breka, ile swichi ya kukata umeme kwenye paneli. Draya nyingi za umeme huku zinataka volti 240 na ampea 30. Nyumba za kabla ya 1996 mara nyingi zina soketi ya matundu matatu, mpya zina manne, na waya wa mashine huuzwa peke yake, kwa hiyo angalia soketi kabla ya kununua. Ukifunga waya wa ncha nne, ondoa kile kiungo kinachounganisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) na bodi ya mashine. Kama soketi haipo, mwite fundi mwenye leseni. Draya ya gesi usiiguse kabisa.

Hatua ya 5: Sogeza na ujaribu. Bomba la kuunganishia mashine na ukuta lisizidi futi 8, lisifichwe ukutani, na lisibanwe ukisukuma mashine nyuma. Sawazisha miguu kwa pimamaji. Washa bila nguo, toka nje, weka mkono: hewa ipige kwa nguvu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, nimepanga Minneapolis, mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta. Nimeona kindoo cha maji cha kutolea hewa humohumo ndani. Kinafaa?*

Hapana, dada. Unyevu na vumbi vinabaki chumbani, na kwa draya ya gesi utavuta hewa ya sumu. Tafuta isiyohitaji bomba, inayogeuza mvuke kuwa maji. Ni ya polepole, lakini mwenye nyumba hana la kusema.

*Bomba langu ni fupi na safi, lakini nguo zimeanza kuchelewa.*

Chomoa chujio la vumbi la mashine, ulimwagie maji ya bomba. Yakisimama juu yake badala ya kupita, lina utando wa zile karatasi za manukato zinazowekwa na nguo kwenye draya. Lisugue kwa sabuni na mswaki wa zamani, likauke kabla ya kulirudisha. Vumbi lake litoe kila unapofua, na bomba lote lisafishwe mara moja kwa mwaka.

*Kaka, nataka kumtumia mama draya yangu Mombasa. Kule si 240 pia?*

Ni 240, ila si ile. Ya Marekani inatokana na nyaya mbili za 120 na nyutro katikati, na mota nyingi zinatumia hiyo 120. Kenya ni waya mmoja wa moto na nyutro, tena masafa ya umeme wake ni hezi 50 badala ya 60. Utahitaji transfoma kubwa, na mota bado haitazunguka kwa kasi yake. Uza hapa, umtumie hela. Akitaka draya atanunua ya kulekule, ila kwa jua la Mombasa nadhani atanunua kitu kingine.