Mtihani wa mtandaoni: muda wa ziada, mahitaji maalumu na hitilafu za ghafla

Makosa yanayowaumiza zaidi wanafunzi wenye mahitaji maalumu hufanyika siku kadhaa kabla ya mtihani, kwenye mipangilio. Tuseme mtihani wa dakika 90 unafunguliwa saa 3:00 asubuhi na kufungwa saa 5:00. Mwanafunzi aliyeongezewa nusu ya muda anastahili dakika 135. Msimamizi anaandika 135, anasahau saa ya kufunga, na mwanafunzi aliyeanza saa 3:00 kamili anakatwa saa 5:00 akiwa bado na dakika 15 zake. Rekebisha vyote viwili kwa kila jina. Na kwa kuwa wenzake wanaweza kuchelewa kuingia hadi nusu saa bila kupunjwa, naye apate nafasi hiyohiyo: kwake mtihani ufungwe saa 5:45.

Mapumziko ni haki nyingine, si sehemu ya muda wa ziada. Mwanafunzi akipumzika, saa isimame. Mfumo usipoweza kuisimamisha, jumlisha dakika za mapumziko juu ya zile 135.

Programu zinazowasomea wasioona skrini kwa sauti, kama NVDA na JAWS, zinahitaji uangalifu zaidi. Kivinjari maalumu cha mtihani, kile kinachozuia programu nyingine, kinaweza kuzizuia nazo, na mtu anayetumia macho hatagundua. Wiki moja kabla, mpe mwanafunzi mwenyewe jaribio la maswali matano yasiyo na alama, kwenye kompyuta na akaunti atakayotumia siku yenyewe. Ajibu kwa kibodi tu, bila kipanya. Maswali ya kuburuta vipande ndiyo hukwama mara nyingi. Yageuze yawe ya kuchagua jibu kwenye orodha. Kila picha iwe na maelezo ya maandishi yanayosema kinachoonekana bila kufichua jibu.

Panapokuwa na usimamizi wa kamera, msimamizi ajulishwe mapema kwamba fulani husoma kwa sauti, au hupima sukari katikati ya mtihani, la sivyo mwanafunzi huyo atashukiwa udanganyifu. Msimamizi aambiwe kinachoruhusiwa tu. Ugonjwa wa mwanafunzi si habari ya kusambazwa.

Siku ya mtihani, hitilafu ikitokea, ulize kwanza: ni mmoja au ni wote? Wote wakikwama pamoja, tatizo huenda liko kwenye mtandao wa jengo au seva (kompyuta kuu inayoendesha mtihani), na kuhangaika na kompyuta moja moja ni kupoteza dakika. Akikwama mmoja, angalia waya au Wi-Fi yake, kisha kivinjari, kisha mhamishie kwenye kompyuta ya akiba ambayo tayari imewashwa na kujaribiwa.

Intaneti ikikatika, mwanafunzi asifunge ukurasa, asiupakie upya wala asibonyeze kuwasilisha. Majibu ambayo hayajafika kwenye seva bado yako kwenye ukurasa ule, na kuupakia upya kunaweza kuyafuta. Insha ndiyo iliyo hatarini zaidi, maana mtu huandika muda mrefu bila kugusa kitufe cha kuhifadhi. Mtandao ukirudi, ahifadhi kwanza ndipo aendelee.

Mifumo mingi huhesabu muda kwenye seva, hivyo saa haisimami kwa sababu mwanafunzi amekatika. Lazima mtu amrudishie dakika kwa mkono, kabla muda wake haujaisha. Mtihani wake ukishawasilishwa wenyewe, kuufungua tena ni kazi ngumu zaidi. Andika papo hapo: jina, namba ya swali, saa ya kukwama, saa ya kurejea, na ujumbe uliotokea neno kwa neno au picha ya skrini. Aliyepoteza dakika 12 arudishiwe 12, pamoja na zile alizotumia kuingia upya. Kwa mwenye muda wa ziada, dakika hizo zinajumlishwa juu ya 135, na saa yake ya kufunga inasogezwa tena.