Stika ya kioo cha nyuma imeandikwa Aichi? Jinsi ya kuusoma huo mkoa

Kabla hujamwachia dogo wa kuosha magari aikwangue ile stika ndogo ya duara kwenye kioo cha nyuma cha gari yako iliyotoka Japani, subiri kwanza, ipige picha. Wengi tunaiona kama uchafu tu wa mwenye gari wa zamani, kumbe ile ni kazi ya polisi. Japani huwezi kusajili gari ya kawaida mpaka uthibitishe una mahali pa kuilaza, polisi wanahakiki hiyo sehemu halafu zamani walikuwa wanakupa stika inayoonyesha gari inalala mkoa gani na mji gani. Wameifuta stika hiyo Aprili 2025, ila magari yanayoshuka bandarini kwetu ni ya miaka ya nyuma kwa hiyo bado utaikuta sana.

Kuisoma si lazima ujue Kijapani, fungua kamera ya simu yenye kutafsiri, iweke karibu, mwanga wa jua usipige kwenye kioo. Ukitaka kusoma kwa macho tafuta alama hii 県, imekaa kama kikabati cha droo kilichosimama juu ya vijiti vitatu. Hiyo ni "ken", mkoa. Herufi mbili kabla yake zikiwa 愛知 basi ni Aichi. Baada ya ken unafuata mji unaoishia na 市, mfano 名古屋市 ni Nagoya na 豊田市 ni mji wa Toyota. Mi nimeshainama nyuma ya magari ya watu parking mpaka mlinzi akaja kuniuliza natafuta nini mzee, na Aichi ndiyo nilikuwa nawinda, kwa sababu ndiyo nyumbani kwa kampuni iliyotengeneza nusu ya hizo gari.

Kama stika haipo usikate tamaa, angalia setifiketi ya eksipoti iliyokuja na gari. Pleti zenyewe wanazirudisha kule gari ikifutiwa usajili, lakini namba ya zamani inabaki kwenye karatasi, na pleti ya Kijapani inaanza na jina la mahali. Ukikuta Nagoya, Owari-Komaki, Ichinomiya, Kasugai, Mikawa, Okazaki, Toyota au Toyohashi, gari yako imetoka Aichi. Sasa hapo tulia, maana kwenye hayo majina manane ndipo somo lote lilipo. Angalia: hakuna pleti iliyoandikwa "Aichi". Kuna Owari, kuna Mikawa. Hayo ni majimbo ya kale, yamekufa kiserikali tangu karne ya 19 lakini bado yamegongwa kwenye bati nyuma ya gari. Ukiielewa Aichi kama watu wawili waliofungishwa ndoa na serikali, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Chukua karatasi uchore. Kisiwa kikubwa cha Japani, Honshu, Tokyo upande wa mashariki, Osaka magharibi, Aichi iko katikati, na treni ya shinkansen inakutoa Tokyo mpaka Nagoya kwa kama saa 1 na dakika 40. Kusini ni bahari, na pale chora koleo la kaa: rasi mbili, Chita kushoto na Atsumi kulia, zimeibana ghuba ya Mikawa katikati. Kushoto kabisa pitisha mto Kiso. Magharibi yote ni tambarare, hiyo ndiyo Owari na Nagoya iko humo. Mashariki ni Mikawa, inaanza na vilima inaishia milimani, kilele cha juu ni Chausu mita 1,415. Mkoa mzima ni kilomita za mraba kama 5,170 hivi ila umebeba watu milioni 7 na nusu, na milioni 2.3 kati yao wako Nagoya peke yake. Hiyo namba ya Nagoya ikumbuke, tutairudia kwenye siasa.

Maji ndiyo yaliyoipa Owari utajiri na ndiyo yaliyoiua. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 walijenga tuta refu kando ya Kiso kuilinda Owari, na inasemekana ng'ambo, upande wa Mino ambako leo ni mkoa wa Gifu, waliambiwa matuta yao yawe chini kwa futi tatu hivi, yaani mto ukijaa mafuriko yaende kwa jirani. Siasa za mafuriko hizo hazikuanza jana. Sehemu ya magharibi ya Nagoya iko chini ya usawa wa bahari, na usiku wa tarehe 26 Septemba 1959 kimbunga cha Isewan kilisukuma bahari ikapanda karibu mita 4 pale bandarini. Mbaya zaidi bandarini kulikuwa na akiba za magogo yanaelea, yakachomoka, yakaingia mitaani usiku na giza, gogo la tani kadhaa linapita kwenye nyumba ya mbao na watu wamelala. Waliokufa na kupotea nchi nzima walizidi 5,000, wengi wao Aichi na mkoa jirani wa Mie. Sheria ya msingi ya maafa ya Japani, ya mwaka 1961, ilizaliwa kwenye matope yale.

Na hapohapo, huku Owari inazama, rasi ya Chita ilikuwa inalia ukame, haina mto wa maana, wakulima wanategemea mabwawa ya mvua. Ndiyo wakachimba mfereji wa Aichi Yosui kuleta maji ya Kiso kutoka milimani mpaka ncha ya rasi, sehemu ya hela ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukakamilika 1961. Mkoa mmoja, shida mbili zinazopingana.

Historia sasa. Usijaribu kumeza majina yote ya masamurai utachanganyikiwa, shika watatu tu. Oda Nobunaga, kazaliwa Owari 1534. Toyotomi Hideyoshi, kazaliwa Owari pia, mtoto wa watu wa chini, mahali ambapo leo ni wilaya ya Nakamura ndani ya Nagoya. Tokugawa Ieyasu, kazaliwa 1543 kwenye kasri la Okazaki, Mikawa. Hawa watatu ndio walioiunganisha Japani iliyokuwa imepasuka vipandevipande kwa vita, mmoja baada ya mwingine, na wote wametoka kwenye eneo ambalo leo unalimaliza kwa gari kabla chai haijapoa, sawa natia chumvi lakini si nyingi. Mwaka 1560 pale Okehazama Nobunaga na watu wake elfu chache alimvamia Imagawa Yoshimoto aliyekuja na jeshi kubwa mara nyingi zaidi, akamuua, na kijana Ieyasu siku hiyo alikuwa upande wa Imagawa! Baadaye akahamia kwa Nobunaga. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha kama mateka kwa watu, ndiyo maana Wajapani wanamsifia kwa subira. Alisubiri mpaka 1603 akawa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi nzima, ukoo wake ukatawala zaidi ya miaka 250.

Sasa angalia alivyogawa. Yeye mwenyewe akaenda kukaa Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, na wapiganaji wake wa Mikawa akawachukua. Nagoya kuanzia 1610 akajenga kasri kubwa lenye samaki wawili wa dhahabu juu ya paa, akamweka mwanawe. Kwa hiyo Owari ikabaki na ngome ya ukoo na mji mkubwa, Mikawa ikabaki imekatwakatwa kwa mabwana wadogowadogo. Serikali mpya ya mfalme Meiji ilipofuta tawala hizo 1871, Mikawa pamoja na rasi ya Chita ikawa mkoa wake unaoitwa Nukata, haikukaa hata miaka miwili, mwishoni mwa 1872 ikamezwa na Aichi, makao makuu Nagoya. Ukikutana na mtu wa Mikawa usimwambie "wewe wa Nagoya". Atatabasamu, ila amekusikia.

Gari yako inaingia hapa. Mji wa Toyota uko Mikawa, si Owari, na zamani uliitwa Koromo, mji wa hariri. Biashara ya hariri ilipoporomoka miaka ya 1930 viongozi wa pale wakawa wanatafuta mwekezaji, na Kiichiro Toyoda, ambaye baba yake Sakichi alipata jina kwa mashine za kufuma nguo, alikuwa anatafuta ardhi ya kiwanda cha magari. Kampuni ikaandikishwa 1937, kiwanda cha Koromo kikafunguliwa 1938. Januari 1959, mwaka uleule wa kimbunga, mji ukabadili jina ukaitwa Toyota. Fikiria mji wa kale unafuta jina lake na kuchukua la kampuni! Sababu mojawapo waliyotoa ni kwamba Wajapani wa mikoa mingine walikuwa hawawezi kulisoma Koromo. Leo anuani ya makao makuu ni namba 1, mtaa wa Toyota, mji wa Toyota. Baadhi ya Land Cruiser zinatoka kiwanda cha Yoshiwara humohumo mjini, Premio zilikuwa zinatoka Tsutsumi, humohumo. HiAce hapana, hiyo isikudanganye, inatengenezwa mikoa ya jirani.

Viwanda vikaleta na watu. Sheria ya uhamiaji iliporekebishwa 1990 ikawaruhusu Wabrazili wenye asili ya Kijapani kuja kufanya kazi, na wengi wakaishia kwenye laini za vipuri vya magari. Kuna maghorofa ya Homi pale mji wa Toyota ambako kama nusu ya wakazi ni wageni na matangazo ya takataka yanabandikwa kwa Kireno.

Siasa ndiyo sehemu tamu. Japani ina mikoa 47, sawa kabisa na kaunti za Kenya, na gavana anachaguliwa na wananchi moja kwa moja kila miaka 4. Haikuwa hivyo zamani, kabla ya 1947 alikuwa anateuliwa kutoka juu kama mkuu wa mkoa wa kwetu Bongo. Bunge la mkoa lina viti 102. Tatizo ni lile nililosema uikumbuke: Nagoya ina watu milioni 2.3 na madaraka makubwa yake yenyewe, kwa hiyo meya wa Nagoya anajiona hadaiwi chochote na gavana. Majogoo wawili banda moja.

Mfano hai ni Omura Hideaki na Kawamura Takashi. Februari 2011 walifanya kampeni pamoja kama mapacha, sera yao kupunguza kodi, Omura akawa gavana, Kawamura akarudi kwenye umeya, na siku hiyohiyo wakazi wa Nagoya wakapiga kura ya kulivunja baraza la jiji lao. Kawamura ni yule aliyejikata mshahara mpaka yeni milioni 8 kwa mwaka na anaongea lafudhi ya Nagoya kwa makusudi. Urafiki haukudumu. Mwaka 2019 kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya mkoa kulikuwa na sanamu ya msichana inayowakumbuka wanawake waliolazimishwa utumwa wa ngono na jeshi la Japani, vitisho vikamiminika, ukumbi ukafungwa baada ya siku 3 tu. Omura akasema serikali haiwezi kukagua sanaa, Kawamura akataka iondolewe, ilipofunguliwa tena Oktoba akaenda kukaa chini nje kuandamana.

Mwaka uliofuata ikaja kampeni ya kumng'oa gavana, Kawamura akiiunga mkono. Wakapeleka saini kama 435,000, tume za uchaguzi zikakagua, asilimia 83 hivi batili, nyingi zina mwandiko mmoja. Ikabainika kuna vibarua walikuwa wanalipwa kunakili majina huko mkoa wa Saga, kwenye kisiwa kingine kabisa cha Kyushu, na katibu wa kampeni akakamatwa 2021. Omura akashinda tena 2023, awamu ya nne. Kawamura aliacha umeya 2024 akarudi bungeni, lakini kabla hajaondoka alishawaachia watu kituko: Agosti 2021 mchezaji wa softball wa Olimpiki alimtembelea ofisini, meya akaichukua medali yake ya dhahabu akaing'ata mbele ya kamera. Mchezaji huyo alikuwa wa timu ya Toyota. Kampuni, ambayo kwa kawaida haisemi kitu, ikatoa tamko la masikitiko, na meya akaomba radhi.

Hilo likufundishe kuitazama kampuni unaposoma uchaguzi wa Aichi. Jimbo la uchaguzi namba 11 ndilo la mji wa Toyota, na tangu 2003 lilikuwa na mbunge aliyetoka chama cha wafanyakazi cha Toyota, Furumoto Shinichiro, muda mwingi akiwa upinzani. Oktoba 2021 akajiondoa ghafla uchaguzi ukiwa mlangoni, kwa sababu chama cha wafanyakazi kiliona tasnia ya magari inaelekea kwenye mabadiliko ya kupunguza kaboni na inahitaji kuelewana na pande zote, chama tawala kikiwemo. Hapakuwa na kashfa yoyote.

Ukitaka kuendelea mwenyewe fuatilia kasri la Nagoya. La zamani liliungua kwa mabomu Mei 1945, wakajenga la zege 1959 (ndiyo, mwaka huohuo tena), tangu 2018 mnara wake umefungwa, mpango ni kuujenga upya kwa mbao, na wenye ulemavu wanauliza lifti iko wapi. Ubishi huo una historia, hela, meya na mkoa ndani yake, vyote kwa pamoja.

Na yule mdada anayekwambia kila ukiwasha gari "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen", anasema tu kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Bado anasubiri ulipie njia ya kwenda Nagoya. Kiboksi chake mara nyingi kiko chini ya dashibodi, fundi umeme wa magari anakichomoa bila shida, ila muulize kwanza bei.